Harambee ya Wajerumani

Binti yangu amenitumia picha kwa simu. Mjukuu wangu amesimama juu ya kilima, amevaa kofia ya kuendeshea baiskeli, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Mtoto mzuri. Kile kichwa ni changu kabisa, na anayebisha aje tupime na kamba. Nikampigia mama yake nikamuuliza, huo mlima unaitwaje?

"Mami, si mlima. Ni taka iliyotolewa chini ya ardhi wakati wa kuchimba makaa ya mawe. Wamepanda nyasi, wakaweka ngazi. Watu wanakuja kutembea Jumapili."

Huo mlima niliujua. Nilionyeshwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndani ya stoo ya kahawa hapa chini ya Karurumo, na karibu uninyang'anye masomo. Binti yangu ameenda huko Ujerumani kuuguza wazee wao, na anafanya kazi kwa mikono misafi, na mimi najivunia. Lakini sina heshima na mtu anayesifu kutu. Sikuwa nayo, na simu haitanipa leo.

Wewe uliyekulia karibu na kiwanda cha kahawa huhitaji kuelezwa ile harufu ya maganda yaliyolowa, tamu kidogo, mbovu kidogo, inayokaa kwa nywele mpaka kanisani. Kwetu sisi ilikuwa ndiyo harufu ya baba. Baba hakuwa mwenyekiti wala karani. Alikuwa mtu wa mashine. Ndiye aliyeiwasha ile mashine ya kumenya kahawa, ndiye aliyeipaka grisi, na ikikohoa ndiye aliyejua ni kifua ama ni koo. Siku za kuvuna alisimama juu ya jukwaa la saruji, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na mwenyekiti mwenyewe akamngoja. Mtu akizoea kungojwa na mwenyekiti, kichwa chake hakibaki salama.

Mwaka huo mwalimu mkuu alitangaza kwamba hakuna mtoto ataingia darasa la saba bila deski yake. Darasa la sita tulikalia mawe na hakuna aliyekufa, lakini la saba lilikuwa la kujiandaa kwa mtihani, na yeye hakutaka watoto wa kuandikia magotini. Asiye na deski abaki nyumbani achume kahawa. Mama akaenda kwa seremala pale sokoni wakakubaliana: deski moja, mbuzi mmoja. Na mbuzi alikuwepo. Alikuwa wangu.

Alikuwa jike, mweusi, na doa jeupe kwenye goti kama amepiga magoti kwa unga. Nilipewa na cucu, mama ya baba, ambaye aliishi upande wa Kiritiri kwenye joto, huko mbuzi ananenepa kwa miiba. Nina jina la cucu, Ciarunji, ndiyo maana baba aliniita Maitu, yaani mama yangu. Na kwetu mbuzi wa jina hauzwi, hachinjwi, hatolewi, mpaka aliyepewa aulizwe. Mama aliniuliza kuhusu deski nikasema sawa. Tulikuwa tunangoja tu shule zifungwe, seremala ampate akiwa na mimba.

Ndipo wakaja Wajerumani, mtu na mke wake, wageni wa kanisa, wakalala misheni. Mwanamume tulimwita Bwana Dita. Alikuwa mzee mwekundu, mkubwa, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyeyusha chuma. Siku ya pili alishuka kiwandani peke yake, akaona ile mashine yetu kuukuu, akaipapasa ubavuni kama ng'ombe wa maziwa. Baba akamfungulia kifuniko. Hakuna aliyejua neno la mwenzake. Asubuhi yote walikuwa wameinama mle ndani, mmoja anaonyesha kidole, mwingine anaguna. Kufikia saa sita walikuwa wakipigana mabega kama watu waliotahiriwa siku moja.

Jumamosi Bwana Dita akasema atatuonyesha picha za kwao. Kahawa ilipokwisha kumenywa tukajaa stoo, madirisha yakazibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa, jenereta ya kiwanda ikaunganishwa na kijimashine chake cha slaidi. Katekista Nyaga ndiye aliyetafsiri. Alitafsiri vizuri, simsingizii. Mama hakuwepo. Alikuwa ameenda Runyenjes kumwona dada yake aliyejifungua. Angekuwepo, ningekuwa sina hadithi.

Picha ya kwanza ilikuwa mnara na magurudumu mawili juu angani. Chini yake, Nyaga akasema, ni shimo la makaa. Baba ya huyu mzee aliingia humo mpaka kifua kikajaa vumbi akafa. Sasa limefungwa. Wanawake wakasema, "Uuui," polepole.

Picha ya pili, kiwanda cha chuma, kikubwa kuliko soko la Runyenjes, bomba juu ya bomba, chote kutu, miti imeota katikati ya mitambo. Hapa ndipo huyu mzee alifanya kazi tangu ujana wake. Pamefungwa pia. Bwana Dita akatoa kitambaa akapangusa macho. Picha ya tatu, kiwanda kile kile usiku, kimewashiwa taa za kijani na nyekundu.

"Wanakilinda," akasema mama mmoja nyuma yangu. "Kama maiti."

Ya nne ndiyo ule mlima. Watu wanapanda, watoto, mbwa, mama anasukuma kigari cha mtoto.

"Hiyo ni taka ya shimo," Nyaga akasema.

"Wanatafuta nini huko juu?" baba akauliza.

Nyaga akamuuliza Bwana Dita, akarudi kwetu. "Hakuna kitu wanatafuta. Wanatazama."

"Wanatazama nini?"

"Kiwanda kilichofungwa."

Hapa kwetu anayepanda juu ya taka anatafuta cha kula. Zikaja zingine: watu wamejifunga mitungi mgongoni wanazama kwenye tangi lililokuwa la gesi, eti ndiko kuogelea, kama nchi ambayo mito imekauka. Wazee wamevaa nyeusi, vifungo vya shaba, manyoya kwenye kofia, wanaimba nyimbo za shimo, nyuso kama za mazishi. Njiwa kwenye vizimba, wanashindanishwa kuruka. Mtu mzima na njiwa.

Halafu ikaja ile iliyonimaliza mimi. Vishamba vidogo vimepangwa ubavuni mwa reli, kila kimoja na kibanda chake, na katikati ya sukumawiki zao wamesimama wazee wafupi, wafupi kabisa, urefu wa kuku, ndevu nyeupe, kofia nyekundu, koleo begani. Watu wengine wakadhani ni watoto. Mimi niliona ndevu. Nikajua hawa ni wazee wa machimbo, njaa imewapunguza mpaka wamebaki hivyo, na bado wanatumwa kulima.

Kabla hujacheka, wewe wa rika langu, kumbuka tulivyolelewa. Hapa mtu hakuonyeshi ghala tupu kwa fahari. Mwenye njaa haombi kwa mdomo. Anakualika kwake, anafungua mlango wa ghala ukiwa umesimama hapo, halafu anaongea habari za mvua. Ukiwa na akili unaenda kwako unarudi na debe la mahindi, na hakuna mtu ameaibika. Sasa huyu mzee ametoka mbali hivyo, ametufungulia ghala baada ya ghala, yote matupu, na analia. Ungeelewa nini?

Nyaga alielewa vile vile. Picha zilipoisha akasimama mbele ya shuka.

"Ndugu zetu wametuonyesha hali yao," akasema kwa Kiembu, maana hayo hayakuwa maneno ya kutafsiriwa kwa wageni. "Hawakuomba, kwa sababu ni watu wa heshima. Waliwahi kutuletea dawa na nguo. Leo viwanda vyao vimekufa. Tutawaacha waondoke mikono mitupu?"

Watu wakatoka, wakarudi. Mayai kwenye vikapu, maharagwe meusi ya njahi, ndizi, kuku amefungwa miguu, kibuyu cha asali kutoka kwa mzee ambaye hata watoto wake hakuwaonjesha. Vyote vikawekwa miguuni pa Bwana Dita, na yeye akazidi kulia, na kadiri alivyolia ndivyo watu walivyozidi kukimbia nyumbani. Kisha macho yakaanza kumgeukia baba. Rafiki yake ni nani? Aliyeshika naye grisi ni nani?

Baba akasimama. "Mtu wa mashine asiposaidia mtu wa mashine," akasema, "nani atamsaidia?" Watu wakaguna kwa kukubali. Halafu akanigeukia. "Maitu, kuna yule mbuzi wako. Unasemaje?"

Sheria aliifuata, siwezi kumkosoa. Aliuliza. Aliuliza mbele ya watu mia, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyetoka kuona wazee wa urefu wa kuku.

"Apewe," nikasema.

Makofi niliyopigiwa siku hiyo sijawahi kupigiwa tena, hata siku ya harusi. Bwana Dita alinishika kichwa kwa ile mikono yake ya makovu. Nyaga akatafsiri kwamba anasema hajawahi kuona mtu mwingine akihuzunikia tanuri lake la kuyeyushia chuma isipokuwa yeye mwenyewe. Nilitembea nyumbani juu ya hewa.

Mama alirudi jioni, akakuta kamba bila mbuzi. Sikuwa na wasiwasi. Nilimweleza yote nikidhani nitasifiwa. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama baba.

"Umetoa deski ya mtoto."

"Hukuona zile picha, Nyina wa Ciarunji. Kama ungeziona..."

"Nimeona shingo zao. Walipita hapa na gari juzi. Mtu mwenye njaa hana shingo ya namna ile."

"Maitu mwenyewe alikubali."

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi? Nyuma ya Maitu?"

Baba akasema ana kazi kiwandani, na kahawa yote ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kumenywa.

Kesho yake baada ya ibada mama alinishika mkono tukapanda misheni. Mke wa Bwana Dita alikuwa kwenye veranda, anapaka mkate siagi, unene wa kidole, na ganda la mkate anamtupia mbwa wa Padri. Mbuzi wangu alikuwa amefungwa kwenye bustani ya maua, anakula maua. Nyaga alikuwepo, koti la kanisani bado mwilini. Mama akakataa kiti.

"Muulize huyu mama. Wale waliofungiwa kazi huko kwao, wanakula nini?"

Nyaga akauliza. Jibu lilikuwa refu na tafsiri ikawa fupi. "Serikali inawapa kila mwezi."

"Wanakaa wapi?"

"Kwenye nyumba zao."

"Na hicho kiwanda cha kutu, wanakitazama kwa nini?"

Nyaga akakohoa. "Wanakipenda. Bwana Dita ndiye anawazungusha. Wanalipa mlangoni."

"Wanalipa. Kuona kitu ambacho hakifanyi kazi."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo jana hawakuwa wanaomba."

"Hapana, Mama Ciarunji. Walikuwa wanatuonyesha kwao. Wanajivunia."

Mimi nikamvuta Nyaga shati nikamwambia aulize juu ya wale wazee wafupi, kama sasa wanapewa chakula. Aliposema, yule mama akaweka kisu chini akacheka mpaka akashika kifua. Hakuwa na ubaya, aliniita karibu akanipapasa shavu. Ni sanamu za udongo, akasema. Wananunua dukani. Wanaweka shambani, pawe pazuri.

Mama alinitazama, kisha akatazama ile siagi. "Mwambie kwetu shamba linapendezwa na mahindi."

Sijui kama Nyaga aliitafsiri hiyo. Alimvuta mama pembeni, na mimi nikiwa nimeshika mkono wa mama nikasikia. "Nimweleze habari ya deski? Hawa ni watu wazuri. Watamrudisha mbuzi, na kitu juu yake."

"Nyaga. Ukifungua huo mdomo, mimi nitamweleza Padri ni nani alianzisha hiyo harambee."

"Lakini mtoto..."

"Aliyetoa ametoa. Mbuzi alitoka kwa mlango wa mbele, watu wakapiga makofi. Arudi kwa mlango wa nyuma? Nikaombe deski kwa mtu anayelipa kutazama kutu?"

Tukashuka. Njiani sikuthubutu kulia. Nilikuwa nimejua kuhesabu, na hesabu ilikuwa rahisi: shule kufunguliwa, mimi kubaki kwenye mistari ya kahawa na kikapu kiunoni kama wale wasichana wakubwa wa jirani, ambao walikuwa na mikono ya wazee.

Mbuzi alichinjwa Alhamisi, karamu ya kuwaaga. Bwana Dita alitaka tule wote pamoja. Nilipewa figo kwa sababu nilikuwa mwenye mbuzi, na nitasema ukweli: nilikula. Alikuwa mtamu, mwenye mafuta ya Kiritiri. Mama alikuja, akakaa, akashika sahani yake mpaka ikapoa, akampa mtoto wa mtu. Bwana Dita akampiga picha baba pamoja na mashine, akaahidi ataitundika kule karibu na tanuri lake, watu waione. Wiki nzima baba alitembea kama jogoo aliyepaa juu ya paa.

Juzi amekuja hapa mtu mmoja wa kaunti, viatu vimechongoka, akituambia kile kiwanda chetu kilichokufa kinaweza kusafishwa kiwe cha watalii. Wajerumani wamefanya hivyo, akasema, wametajirika. Nikamuuliza kama anataka nikate tiketi nitazame mahali ambapo mashine ilimkata baba yangu kidole. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Hawa ndio tumesomesha. Mlima Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, uko pale na theluji yake, Mungu ameuweka bila kuchimba makaa, na mtu mzima anafikiria jinsi ya kuuza kutu.

Lakini nilikuwa nasema habari ya shule.

Siku ya kufungua, baba aliondoka mapema, msimu ulikuwa umechanganya. Mama akaniambia nivae sare. Nikamwambia nitafukuzwa. Akasema vaa. Baba alikuwa na meza yake mwenyewe, ameitengeneza kwa mti wa mukima, upana wa mtu mmoja. Ilikuwa na radio, kofia yake, na sahani yake, basi. Sisi wengine tulikula kwenye vigoda. Hakuna mtoto aliyewahi kuweka kiwiko juu ya ile meza. Mama akachukua radio akailaza kitandani kama mgonjwa, akaweka kofia juu yake, akaigeuza meza miguu juu, akaifunga kwa mukwa, ule ukanda wetu wa ngozi wa kubebea kuni, akaupitisha kwenye paji la uso akasimama. Mimi nikabeba kigoda.

Njia ya shule inapita juu tu ya kiwanda. Mashine ilikuwa inanguruma na foleni ya watu na madebe yao ya kahawa ilifika barabarani. Wote wakageuka. Mama hakupunguza mwendo.

"Nyina wa Ciarunji," mwanamke mmoja akaita, "unahama?"

"Sihami," mama akasema, bila kuinua kichwa, maana kichwa kilikuwa na kazi. "Nimesikia kuna Mjerumani darasa la saba hana deski. Nampelekea msaada."

Kicheko kilianza mwanzo wa foleni kikashuka mpaka kwenye jukwaa. Nilimwona baba. Aliona meza yake ikipita angani, miguu minne juu, na mimi nyuma yake na kigoda. Akainama akaanza kupaka grisi mahali ambapo alikuwa amepaka asubuhi.

Mwalimu mkuu aliizunguka ile meza mara mbili akitafuta kosa, akakosa. Nikaisomea miaka miwili, mimi peke yangu mezani kama hakimu, wenzangu kwenye madeski yao, na hapo ndipo nilipopata masomo niliyo nayo, mpaka mwisho wa darasa la nane. Miaka miwili hiyo baba alikula na sahani magotini. Hakuuliza meza iko wapi, na mama hakumwambia.

Nilipomaliza nikairudisha. Ilikuwa imejaa wino, hesabu za kugawa, na majina ya watoto yaliyochongwa kwa wembe. Baba aliipangusa kwa kiganja, akaizungukia, akaweka radio yake juu.

"Hii meza sasa imesoma kunishinda," akasema.

Mama alikuwa anachagua njahi. Hakuinua macho.

"Hata mbuzi angekushinda."